Maharage yapo, moto ndio ghali: Vyombo vidogo vya jikoni vinavyookoa fedha na afya ya mtoto

Mama alikuwa ametoka upande wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, amembeba mtoto wake wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane. Nilimzungushia mtoto utepe wa kupimia mkono, ukasoma sentimita 12. Kwa mtoto wa umri huo, namba hiyo inaangukia kwenye rangi ya njano. Bado si utapiamlo mkali, lakini njia anayoifuata inaelekea huko.

Nikamwuliza maswali ya kawaida. Mtoto anakula nini?

“Uji na ugali, dokta. Na mchicha.”

Na maharage je?

“Maharage tunayo gunia zima. Tumevuna wenyewe.”

Sasa mbona hayamfikii mtoto? Mama akatazama chini, akacheka kidogo kama mtu aliyeona haya.

“Maharage yapo, dokta. Mkaa ndio hakuna.”

Akanieleza. Pale anapoishi, kopo la mkaa ni Sh1,000, na sufuria moja ya maharage inamaliza kopo zima. Kwa hiyo wanapika maharage Jumapili tu. Jumatatu wanakula kiporo, na mara nyingine kinakuwa kimeshachacha, wanamwaga. Kuanzia Jumanne hadi Jumamosi ni mchicha, kwa sababu mchicha unaiva kwa dakika kumi.

Nilifungua kadi ya mtoto. Mahudhurio mawili yaliyotangulia, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika: “Mama ameshauriwa kumpa mtoto vyakula vya jamii ya kunde.” Mama mwenye gunia la maharage ndani nilimshauri ampe mtoto maharage! Sikuwahi kumwuliza anayaivisha kwa moto gani.

Ndiyo maana leo safu hii inaingia jikoni. Nataka tuzungumze kuhusu vyombo vidogo vya kupikia ambavyo familia ya kipato cha kawaida inaweza kuvipata, kipi kinaokoa fedha kweli, kipi kinapoteza, na kipi kinaweza kumuumiza mtoto kisipotumiwa vizuri.

Kwa nini maharage ya huku hayaivi haraka

Mtu akihamia Ngara kutoka Dar es Salaam hulalamika kwamba maharage ya huku yanachelewa kuiva. Halalamiki bure. Vilima vingi vya Ngara viko mita 1,500 au zaidi juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ukiongeza mkaa, maji yatatokota kwa fujo zaidi na kukauka haraka, lakini joto lake halitapanda. Unachoma fedha bure.

Sababu ya pili ni umri wa maharage. Yaliyokaa mwaka mzima kwenye stoo yenye joto na unyevu huwa magumu, na unaweza kuyapika saa tatu yakabaki na kiini kigumu.

Sababu ya tatu ni kuni zenyewe. Wazee wa Ngara wanakumbuka mwisho wa Aprili 1994, pale wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, na eneo la Benaco likageuka kuwa mji wa mahema. Mahindi na maharage vilikuwa sehemu ya mgawo wao, na kila familia ilihitaji kuni za kuviivisha. Miti ya vilima vya jirani iliisha. Tangu wakati huo watu wameongezeka, mashamba yamepanuka, na safari ya kutafuta kuni imekuwa ndefu. Anayenunua mkaa analipia umbali huo.

Kinachopotea maharage yasipopikwa

Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa karibu watoto 4 kati ya 10 wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Kagera walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Mkoa wetu una migomba, mahindi na maharage, lakini watoto wetu wanadumaa. Udumavu hauishii kwenye urefu. Ubongo nao unajengwa katika miaka hiyo ya mwanzo, na mtoto akishapita miaka miwili ni vigumu kurudisha kilichopotea.

Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini. Yana pia madini ya chuma na zinki, na vitamini ya foliki ambayo mjamzito anaihitaji sana. Kwa mgonjwa wa kisukari, maharage hupandisha sukari taratibu kuliko ugali mtupu. Kwa mtu mzima anayehangaika na choo kigumu, nyuzinyuzi zake ni msaada mkubwa kuliko vidonge anavyonunua dukani.

Chuma ya kwenye maharage huingia mwilini vizuri zaidi ikiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C: chungwa, limau, nyanya mbichi au pilipili hoho. Chai huizuia. Kunywa chai saa moja au mbili baada ya chakula, usiinywe pamoja nacho. Na mtoto mdogo hahitaji chai kabisa.

Njia za mkato zinazoumiza

Mkaa ukiwa ghali, watu hutafuta njia za mkato. Nyingine nimezikuta kwa wagonjwa wangu.

Ya kwanza ni magadi. Ni kweli yanalainisha maharage. Lakini yanaharibu vitamini B1, na yanaongeza sodiamu, ambayo ndiyo ileile inayotufanya tumkataze mgonjwa wa shinikizo la damu kula chumvi nyingi. Nina wagonjwa walioacha chumvi mezani kwa uaminifu, huku magadi yakiingia sufuriani kila siku.

Ya pili ni kufunika sufuria kwa mfuko wa plastiki ili mvuke usitoke. Plastiki ile haikutengenezwa kwa ajili ya joto, na kemikali zake hushukia kwenye chakula. Wapo pia wanaotumbukiza vidonge vya kutuliza maumivu. Tafadhali acheni. Dawa ikizidi kipimo huharibu ini, na hakuna anayejua kila sahani imebeba vidonge vingapi.

Ya tatu, na inayoleta watu hospitalini usiku, ni kuyaepua kabla hayajaiva. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo hufa kwa joto kali tu. Mtu akila hata punje chache zisizoiva, ndani ya saa moja hadi tatu anaweza kuanza kutapika sana, kisha kuhara na tumbo kusokota. Maharage yaliyopashwa kwa moto mdogo bila kutokota yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Kipimo ni rahisi: chukua punje, ibonyeze kwa vidole viwili. Isipopondeka yote hadi katikati, rudisha sufuria motoni.

Sasa twende kwenye vyombo.

Jiko la presha la umeme

Nilipomtajia mgonjwa wangu mmoja kwamba “presha” itamsaidia, alishtuka akadhani namwombea ugonjwa. Hii ni presha nyingine. Ni sufuria yenye mfuniko unaokaza kabisa, mvuke unabaki ndani, na mgandamizo wake unapandisha joto la maji hadi kati ya nyuzi 110 na 120. Mfaransa Denis Papin alionyesha chombo cha namna hii mjini London mwaka 1679, na alichokisifia ni kwamba kinalainisha hata mifupa. Kwa sisi tunaoishi vilimani, kinarudisha joto ambalo mwinuko umetunyang’anya.

La umeme lina ukuta unaohifadhi joto na kifaa cha kupima joto ndani. Likishapanda, linajizima, kisha linajiwasha kidogo kidogo. Ndiyo maana ingawa limeandikwa wati 1,000, halili uniti moja kila saa. Sufuria ya maharage ya familia hutumia takriban nusu uniti.

Tufanye hesabu. Kwa bei za wakati ninapoandika, kaya iliyo kwenye daraja la matumizi madogo hulipa takriban Sh120 kwa uniti pamoja na kodi na tozo. Iliyo kwenye daraja la kawaida hulipa takriban Sh360. Kwa hiyo sufuria moja ya maharage ni kati ya Sh60 na Sh180. Mama wa Nyakahura alikuwa analipa Sh1,000.

Angalizo kwa walio kwenye daraja dogo: bei hiyo ni kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Ukizidisha, uniti za ziada zinatozwa bei ya juu. Kupika maharage kila siku kwa mwezi mzima ni kama uniti 15. Ikiwa kwa taa, simu na redio unatumia uniti 30 au 40, bado unabaki chini ya mstari. Ukiongeza pasi na birika kwa fujo, utavuka. Angalia mita yako kila wiki, usisubiri mwisho wa mwezi.

Bei ya jiko lenyewe la lita 6, kwa niliyoyaona madukani, ni kati ya laki moja na laki mbili, kutegemea aina. Si fedha ndogo. Tuchukue la Sh130,000. Familia inayopika maharage mara nne kwa wiki kwa mkaa wa Sh4,000, ikihamia kwenye umeme itaokoa zaidi ya Sh3,000 kwa wiki, na jiko litakuwa limerudisha fedha yake ndani ya miezi tisa hadi kumi.

Lakini kwa familia kama ya yule mama hesabu ni tofauti. Yeye alikuwa anapika mara moja tu kwa wiki kwa Sh1,000. Akipika mara nne kwa umeme atatumia kati ya Sh240 na Sh720. Mfukoni mwake ameokoa kidogo. Faida kubwa iko kwenye sahani ya mtoto, ambayo sasa ina maharage siku nne badala ya moja, kutoka gunia lilelile. Ninyi akina baba mnaoshika fedha, hesabuni na faida hiyo.

Umeme wenyewe umesogea. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilitegemea jenereta za dizeli. Leo gridi ya Taifa imefika, na mto uleule wa Rusumo wakimbizi waliouvuka unazalisha megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Gharama ya kuunganishiwa umeme vijijini ni Sh27,000. Na mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 8, 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Ni jambo jema, maana moshi wa jikoni ni sababu mojawapo kubwa ya nimonia kwa watoto wadogo.

Jinsi ya kupika maharage ndani yake

Chambua na osha maharage, yaloweke usiku kucha, saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji yale, weka maji mapya yafunike maharage na kuzidi kwa pingili mbili za kidole. Sufuria isijae zaidi ya nusu, kwa sababu maharage huvimba na kutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke. Funga, weka dakika 30. Yakiwa ya zamani weka 45. Muda ukiisha, zima na uache mvuke ushuke wenyewe kwa dakika 15. Kisha bonyeza punje kwa vidole, kama nilivyoeleza.

Ukitaka makande, mahindi na maharage vyote vilowekwe. Mihogo michungu haiondolewi sumu na presha. Bado inatakiwa kumenywa, kulowekwa na kukaushwa kama tulivyofundishwa na bibi zetu.

Presha inaweza kuunguza

Nimewahi kupokea mama aliyeungua uso na kifua kwa sababu alilazimisha kufungua mfuniko wageni wakiwa mezani. Maharage ya moto yalimrukia. Alipona, lakini alikaa wodini wiki kadhaa.

Usifungue kabla kidude cha usalama hakijashuka chenyewe. Mfuniko ukigoma, unakuonya: subiri. Kila unapoosha, kagua ule mpira wa mfuniko na tundu la mvuke. Mpira uliopasuka ununuliwe mwingine, usifungwe kwa uzi. Weka jiko juu ya meza imara, si sakafuni ambako mtoto anatambaa, na waya usining’inie. Lichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Waya mwembamba wa kuunganishia huchemka, na nyumba za mabanzi zinaungua haraka.

Mtu akiungua, mwagia maji baridi ya bomba au ya kata kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta.

Kama huna umeme

Ziko sufuria za presha za kawaida zinazokaa juu ya mkaa au gesi. Zinafanya kazi ileile, ila zenyewe hazijizimi. Inabidi ukae karibu, na mvuke ukianza kupiga mluzi upunguze moto. Ukiiacha ukaenda kuteka maji, maji ya ndani yatakauka na hatari itaanza.

Ambaye hata hiyo haiwezi, anaweza kutengeneza kikapu cha joto kwa mikono yake. Chukua kikapu kikubwa au boksi, kisha shindilia pande zote na chini kwa blanketi kuukuu, vitambaa, pamba au majani makavu ya mgomba, ubakize shimo la kutosha sufuria yako. Tengeneza na mto wa kufunikia juu. Maharage yaliyolowekwa yatokote motoni kwa nusu saa nzima yakiwa yamefunikwa, kisha ingiza sufuria upesi kwenye kikapu na ufunike. Yaache saa tatu hadi nne bila kuchungulia. Yatoe, yatokote tena dakika kumi, kisha pima kwa vidole.

Nusu saa ya mwanzo usiipunguze hata kidogo, kwa sababu ndiyo inayoua ile sumu niliyoisema. Kikapu hakiongezi joto, kinalitunza tu. Badala ya moto wa saa tatu umetumia wa dakika 40, na gharama ya kikapu ni karibu sifuri. Ukikiunganisha na jiko banifu, kopo moja la mkaa linaweza kupika maharage zaidi ya mara moja.

Birika la umeme na chupa ya chai

Birika dogo la umeme huchemsha lita moja kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uniti, yaani kati ya Sh12 na Sh36. Kwa bei hiyo hakuna sababu ya mtoto kunywa maji yasiyochemshwa na kuhara. Yakishachemka yaache yapoe kwenye chombo safi chenye mfuniko. Birika pia huanzisha mapishi: ukichemsha maji kwa birika ukayamimina kwenye sufuria, mkaa wako unaanzia mbele. Ila maji ya birika yanamuunguza mtoto kwa sekunde. Liweke mbali na ukingo wa meza.

Chupa ya chai inafaa kwa uji wa mtoto, mama anapokwenda shamba. Isuuze kwa maji yanayochemka, mimina uji ukiwa unatokota, funga. Ukiumimina na bado una moto mkali, uko salama. Ukiwa umebaki vuguvugu, mwaga. Uvuguvugu ndio joto ambalo vijidudu wanalipenda. Kwa sababu hiyohiyo, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kama huna jokofu, pika cha kutosha siku hiyo, na cha jioni kitokote upya. Kupika kukiwa nafuu, hakuna haja ya kupika maharage ya siku tatu na kumwaga nusu yake.

Usikimbilie blenda

Akina mama wengi wakipata fedha kidogo hununua blenda wakijua inamsaidia mtoto. Mimi pia nilinunua, tena ya bei, mtoto wangu wa kwanza alipofikisha miezi sita. Sasa imelala kabatini.

Tatizo lake ni hili. Ili visu vizunguke, unaongeza maji. Chakula kinakuwa chepesi kama supu, na tumbo la mtoto, ambalo ni dogo, linajaa maji. Mtoto anaonekana ameshiba, lakini uzito haupandi. Chakula cha mtoto kinatakiwa kiwe kizito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Maharage yaliyoiva vizuri kwenye presha hupondeka kwa uma au mwiko. Kwa mtoto wa miezi sita yapitishe kwenye chujio ubakize maganda. Akifikisha miezi tisa ponda tu, na akifika mwaka ale kama ninyi.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara mbili hadi tatu kwa siku. Wa miezi 9 hadi 23 ale mara tatu hadi nne, na kitu kidogo katikati kama ndizi mbivu au parachichi. Kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Asiyefikisha mwaka asiwekewe chumvi.

Fedha iliyobaki iende wapi

Fedha iliyookolewa jikoni ina tabia ya kupotea. Inaingia kwenye vocha, inaingia kwenye soda. Nashauri ipewe kazi mapema. Ukiokoa Sh3,000 kwa wiki, amua kabisa kwamba ni ya mayai na dagaa wa mtoto. Maharage peke yake hayatoshi: hayana vitamini B12, ambayo hupatikana kwenye vyakula vinavyotokana na wanyama. Dagaa wachache waliosagwa na kuchanganywa kwenye maharage yaliyopondwa hujaza pengo hilo.

Tumrudie yule mama. Siku ile nilimpa mtoto dawa ya minyoo, tukapanga milo yake, na mama akaondoka na maelezo ya kikapu cha joto. Baada ya wiki chache alikipeleka kwenye kikundi chao cha kuwekeana fedha. Wako wanawake 13, kila mmoja anatoa Sh10,000 kwa wiki. Wakakubaliana kwamba kila wiki mwanamke mmoja ananunuliwa jiko la presha, ila asiye na umeme anachukua fedha taslimu. Zamu yake ilifika ya nne.

Baada ya miezi mitatu mtoto alirudi. Utepe ulisoma sentimita 13, rangi ya kijani. Siwezi kusema ni sufuria pekee iliyofanya kazi hiyo. Ilikuwa dawa, ilikuwa milo kuongezwa, na ilikuwa juhudi ya mama mwenyewe. Lakini gunia lilikuwa lilelile la siku ya kwanza, na sasa lilikuwa linaliwa.

Tangu siku hiyo, kabla sijaandika ushauri wowote wa lishe kwenye kadi, nauliza kwanza: “Mama, unapikia nini?” Nawe ukienda kliniki, ukaambiwa kampe mtoto maharage, usiitikie tu kwa heshima halafu ukaondoka. Kama mkaa hakuna, sema. Hakuna aibu, na daktari hawezi kutibu jiko ambalo hajaambiwa kwamba limezimika.